Punda wa Lango la Chumvi

Arlys Zastrow alikuwa na mkono wenye kumbukumbu. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mpishi wa shule ya msingi mjini Wausau, na mkono huo uliweza kutia chumvi kwenye sufuria la watoto mia tatu bila kijiko, huku macho yake yakiwa kwenye saa ya ukutani. Ulijua wenyewe. Na Jumapili moja ya Januari, mkono huohuo ulimponza.

Siku hiyo alikuwa amemaliza kusimulia safari katika chumba cha nyuma cha duka la michezo ya mezani, katikati ya mji. Msimulizi ndiye anayekaa kichwani mwa meza: yeye ndiye mvua, ndiye joka, ndiye mlinzi wa lango na mama mwenye nyumba ya wageni. Wachezaji wanaomzunguka kila mmoja ana mhusika wake mmoja, na mambo yakiwa mazito, dadu ndiyo huamua. Mchezo ukiisha, msimulizi hujaza fomu ya Ligi: namba ya uanachama ya kila aliyekaa mezani, kisha kistari, kisha tarakimu ya mhusika. Moja ni mhusika wako wa kwanza, mbili ni wa pili. Msimulizi naye hupewa hati ya safari kama malipo ya jasho lake, kwa hiyo naye hujiandika.

Simu ilikuwa inalia mfukoni. Alikuwa Norb, kaka yake. Mashine ya oksijeni ilikuwa imegoma tena. Arlys alijaza mstari wa mwisho akiwa amesimama, koti limeingia mkono mmoja tu, akamsukumia msimamizi fomu na kutoka mbio kwenye theluji.

Aliandika kistari moja. Alitakiwa kuandika kistari mbili.

Norb na Arlys walizaliwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, magharibi ya mji, nyumba iliyopakana na mashamba ya jinsengi, ule mzizi wa dawa. Norb aliendesha lori la maziwa miaka thelathini na mmoja. Arlys aliolewa, akaachika, akarudi nyumbani na sanduku moja na paka aliyekufa mwaka uleule. Mama yao alipozikwa, ndugu hao wawili walijikuta ndani ya nyumba ambayo baada ya chakula cha jioni haikuwa na neno. Karata alizowafundisha baba yao zinataka watu watatu, na wa tatu alikuwa kaburini.

Ndipo Norb alipoliona tangazo kwenye kioo cha duka: Ligi ya Taa, wachezaji wapya karibuni.

"Tutakuwa wazee pekee pale," Arlys alisema.

"Mimi nitakuwa mzee. Wewe utakuwa mwizi," Norb akamjibu, maana alikwisha kusoma kitabu.

Akawa kweli. Arlys alimuumba Sela, mwizi mwembamba anayefungua kufuli kwa unywele. Norb alimuumba Otto, mbilikimo mhunzi mwenye ndevu zinazofika mkandani, akampa nyundo, sufuria na punda. Katika safari yao ya kwanza kabisa walitumwa kwenye Lango la Chumvi, wakiwa wa ngazi ya kwanza, hawajui hata dadu ipi ni ipi. Askari wa chumvi walipoinuka kutoka ardhini, meza nzima ilitimua mbio. Mchezo ulikwisha, nao walikuwa wamefika kwenye maegesho, wanapangusa theluji kwenye kioo cha gari, Norb aliposimama ghafla.

"Tumemwacha punda."

"Ni punda wa karatasi, kaka."

"Nilimfunga mwenyewe kwenye nguzo ya lango, Arlys. Fundo la madereva wa lori. Fundo lile halifunguki lenyewe."

Tangu siku hiyo punda alikuwa mtu wa nyumbani. Kila Krismasi Norb aliinua glasi ya brandi na kusema, "Na yule maskini kule langoni." Walikubaliana kwamba siku moja Otto na Sela watarudi kumchukua. Watarudi pamoja, kwa sababu waliondoka pamoja.

Sasa, katika Ligi ya Taa mtu hapandi ngazi kwa sababu msimulizi amempenda. Ukimaliza safari unapewa hati moja. Hati tatu ni ngazi moja. Kanuni ni ileile kila duka, ili mtu wa Wausau aweze kuingia duka la jimbo la Ohio na mkoba wake wa hati na kukaa mezani bila kuulizwa ukoo. Kila safari ina kiwango chake, na aliyekipita hakai pale. Hakuna kushuka. Ukishapanda, umepanda.

Miaka minne ya kwanza Otto na Sela walipanda bega kwa bega. Kisha mapafu ya Norb yakaanza kuwa magumu, kama sifongo iliyosahauliwa juani. Madaktari walilipa tatizo jina refu na hawakulipa dawa. Jumapili zikaanza kumpita. Arlys aliendelea kwenda, kwani Norb mwenyewe alimfukuza: "Nenda, usinikodolee macho kama nyama ya kuoka." Lakini kila hati aliyoileta nyumbani ilikuwa hatua moja mbali na kaka yake.

Ligi ina njia moja ya kupunguza mwendo. Kabla dadu ya kwanza haijarushwa, mchezaji anaruhusiwa kusema "kobe," na siku hiyo atapata nusu ya hati. Wengi huitumia wakitaka kumkawiza mhusika wanayempenda. Arlys alisema "kobe" majira mawili ya baridi mfululizo. Gordy Lindqvist, wakala wa bima mwenye mdomo usiojua breki, alimbatiza Mama Kobe.

"Mama Kobe, leo tutembee au tutambae?"

"Tambaa wewe. Mimi nina kaka nyuma yangu."

Vuli ilipofika, Ligi ikatangaza kwamba msimu huu mrefu utafungwa Machi, Jumamosi moja, saa ileile katika maduka yote. Wahusika wa ngazi ya nane hadi ya kumi wataingia ndani ya kasri ya chumvi. Wa ngazi ya tano hadi ya saba watalishika lango.

"Lango," alisema Norb, akishika karatasi ya tangazo kwa mikono miwili. "Arlys. Ni lango letu."

Otto alikuwa ngazi ya tano, na hati mbili juu yake. Sela alikuwa ngazi ya saba, na hati mbili na nusu. Hata kwa mwendo wa kobe, safari moja zaidi ingemtupa ngazi ya nane, ndani ya kasri, mbali na lango. Basi Arlys alimtia Sela kwenye mfuko wa plastiki, akafunga mkoba, akaapa kutomgusa mpaka Machi. Jumapili alisimulia tu. Na hati alizopewa kwa kusimulia alizitupia kwa mhusika wa pili, kuhani mmoja asiye hata na jina la ukoo, ambaye hakuumbwa kwa kazi nyingine yoyote. Kistari mbili. Miezi minne aliandika kistari mbili kwa uangalifu wa mtu anayepita juu ya barafu.

Kisha simu ikalia, na mkono ukakumbuka miaka saba badala ya miezi minne.

Aliligundua kosa Alhamisi, mapumziko ya jikoni, akitazama tovuti ya Ligi kwenye simu iliyojaa unga. Palikuwa na taa ndogo ya njano inayowakawaka: Hongera! Sela amefika ngazi ya nane.

Hakumaliza zamu. Alimkuta msimamizi wa duka, Koua Thao, akipanga rangi za visanamu kwenye rafu. Koua alikuwa na miaka ishirini na sita, binti wa wakulima wa mboga, na kama walivyolelewa kwao, mwanamke aliyemzidi umri alimwita shangazi.

"Ifute," Arlys alisema, kabla hata ya salamu.

Koua alisoma simu, akasoma tena. Akaketi juu ya boksi.

"Shangazi, nilituma fomu usiku uleule."

"Najua. Ifute."

"Haifutiki upande wangu. Nikishatuma, imekwenda. Naweza kumwandikia msimamizi wa jimbo."

"Mwandikie kwamba nilikuwa naharakisha. Mwambie kuhusu Norb."

"Nitamwandikia kila kitu. Hata kuhusu punda."

Aliandika kweli, ukurasa mzima. Jibu lilikuja siku ya tatu, la adabu, lenye pole mwanzoni na pole mwishoni. Katikati lilisema kwamba fomu iliyotiwa saini na msimulizi haibadilishwi. Kwamba aliyetia saini ni Arlys Zastrow mwenyewe. Kwamba wakifungua mlango huo, kila mtu ataomba kushushwa ngazi apate safari nyepesi.

Koua alilisoma kwa sauti, akatupa simu juu ya kaunta. "Haki iliyoandikwa kwa ajili ya wadanganyifu, na anayepigwa nayo ni mtu mkweli! Mdanganyifu angetengeneza jina jipya akaendelea kucheza. Wewe ndiye unayeumia, kwa sababu ulijiandika."

"Ndiyo kanuni."

"Basi kanuni haina masikio."

Arlys aliichukua simu ile kwenye kaunta, akamrudishia. Miaka mingi alikuwa amewanyima watoto sahani ya pili kwa sababu fomu ya jikoni ilisema sahani moja. Aliijua sauti hiyo ya pole mwanzoni na pole mwishoni. Alikuwa ameitumia.

Alimwambia Norb Ijumaa ya wiki iliyofuata, juu ya samaki wa kukaanga walionunuliwa kwenye baa ya njia kuu, viazi vimeshapoa. Hakumtazama usoni. Norb alisikiliza, mrija wa oksijeni ukivuma puani, akachukua kipande cha samaki, akakirudisha.

"Ngazi ya nane," alisema hatimaye. "Mwizi wangu amekuwa bosi."

"Usifanye mzaha."

"Nifanye nini basi? Nikimbie?" Akapumua mara tatu kabla ya kuendelea. "Ligi ina wale wahusika wa kukopesha. Karatasi za tayari kwa wageni. Kopa mmoja, njoo ukae pembeni yangu."

"Hatakuwa Sela."

"Hata mimi siye niliyekuwa nikiruka kwenye lori. Njoo na yeyote, Arlys. Kiti kile asikae mtu mwingine."

Wakakubaliana hivyo. Arlys akakopa shujaa mmoja wa ngazi ya sita, mwanamke wa upanga aliyechapwa kwenye karatasi ya bluu, asiye na historia wala kovu. Akaisoma karatasi hiyo kila jioni, na kila jioni ilikuwa kama kuvaa viatu vya marehemu.

Norb alilazwa mara mbili Februari. Mara ya pili daktari aliwaita wote wawili chumbani, akazungumza kwa utaratibu, akataja "majira ya kiangazi" kama mtu anayetaja mji ambao basi halifiki. Njiani kurudi, Norb aliuliza jambo moja tu: Machi ina Jumamosi ngapi.

Jumamosi yenyewe ilipambazuka na theluji inayokuja kwa ubavu. Arlys alimfunga Norb blanketi mbili, akapakia mashine, betri ya akiba na jibini mbichi ile inayolia chini ya meno, ambayo Norb hakuweza tena kula ila alitaka iwepo. Mwendo wa dakika kumi uliwachukua arobaini. Walipoingia dukani, Koua alikuwa amesimama na simu, uso umemshuka.

"Msimulizi wa meza ya chini amekwama mjini Stevens Point. Barabara imefungwa."

Kulikuwa na meza mbili siku hiyo: moja ya kasri, waliyoiita ya juu, na moja ya lango, ya chini. Koua mwenyewe alikuwa msimulizi wa meza ya juu, watu sita waliosafiri kwa gari tangu alfajiri. Meza ya chini ilikuwa na wachezaji wanne, idadi ya chini kabisa ya kuianza: Norb, Gordy na wanafunzi wawili wa chuo cha ufundi waliokuwa wakijadili nani abebe kamba. Wa tano alikuwa Arlys na shujaa wake wa kukopa.

"Siwezi kuunganisha meza," Koua alisema. "Siwezi kuahirisha, ni leo tu, maduka yote. Aliye na leseni ya kusimulia humu ni mimi na wewe, shangazi."

Arlys aliielewa kabla haijamalizika kusemwa. Akikaa na kaka yake, hakuna meza. Akitaka meza iwepo, hatakaa na kaka yake. Atakaa mbele yake.

"Yaani mimi ndiye chumvi," alisema.

"Wewe ndiye chumvi," Norb alisema kutoka chini ya blanketi. "Keti, mdogo wangu. Miaka ishirini na miwili umewatilia wengine."

Gordy akacheka mpaka akagonga meza. Arlys akaketi kichwani mwa meza, akafungua bahasha.

Ukutani Koua alikuwa amebandika kanuni za siku hiyo kwa herufi nene. Msimulizi asibadili maadui. Asibadili malipo. Dadu za msimulizi zirushwe hadharani, kila mtu azione. Arlys alizisoma kurasa za safari huku wengine wakipanga visanamu. Ilikuwa safari kali: lango, nguzo mbili, ukuta mfupi nyuma, na askari wa chumvi wanaokuja kwa mawimbi matatu. Wachezaji wakijibana nyuma ya ukuta, wanaweza kunusurika. Alisoma maelezo ya lango mara mbili. Palitajwa mifupa, palitajwa mnyororo. Punda hakutajwa.

Akamwita Koua pembeni. "Kanuni inasema nisibadili maadui, malipo na dadu."

"Ndiyo."

"Haijasema kitu juu ya punda."

Koua alimtazama, kisha akamtazama Norb aliyekuwa anamweka Otto wake, kisanamu cha madini ya risasi, mezani, ndevu zimechubuka rangi. "Mimi sijasikia chochote," alisema, na kurudi kwenye meza yake.

Basi Arlys alianza. Sauti yake, ambayo jikoni ilikuwa ya kukaripia masufuria, mezani ilikuwa nyingine. Alileta upepo, alileta weupe usio theluji. Alilileta lango, na nguzo, na kwenye nguzo ya kushoto kamba iliyooza nusu.

"Na mwishoni mwa kamba," alisema, "amesimama punda. Mzee. Mgongo umeingia ndani. Amekula ubao wa lango kadiri shingo ilivyofika. Fundo bado ni zima."

 Norb aliinua mkono mmoja, akaufunika mdomo.

"Mzee, uko salama?" Gordy aliuliza.

"Cheza wewe," Norb alisema.

Wimbi la kwanza walilivunja. La pili liliwaumiza. Mwanafunzi mmoja alianguka akainuliwa, na Otto, aliyesimama mbele kama kawaida yake, alibaki na pointi tisa za uhai kati ya arobaini na nne. Gordy alipanga mambo kama mtu anayeuza bima ya moto: wote nyuma ya ukuta, sasa, wimbi la mwisho hili hapa.

"Zamu ya Otto," Arlys alisema. Alikuwa amekwisha kukiona kisanamu kikirudi nyuma. Nafasi ilikuwepo, hatua tano tu.

Norb alikisukuma kisanamu upande mwingine. Kwenye nguzo ya kushoto.

"Namfungua punda."

"Mzee, hapana," Gordy alisema. "Rudi! Ni mapambo yale, ni maneno tu, hayumo hata kwenye karatasi!"

"Yumo. Amesema yumo."

 "Kaka. Fundo litakuchukua zamu nzima. Watakufikia."

"Najua fundo langu linachukua muda gani."

"Unaweza kwenda baadaye. Wakishapita."

"Baadaye?" Norb alimtazama kwa upole, kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza swali zuri kwa wakati mbaya. "Rusha dadu, Arlys."

Angeweza kufanya nini? Neno lake mwenyewe lilikuwa limemweka punda pale. Alikuwa amelileta kama zawadi, kitu pekee ambacho kanuni zilisahau kumnyang'anya, na zawadi hiyo ndiyo iliyomtoa kaka yake nyuma ya ukuta. Kulifuta sasa kungekuwa kumwambia Norb kwamba langoni hapakuwahi kuwa na kitu. Hakuweza. Alilifungua fundo kwa maneno, polepole, uzi mmoja baada ya mwingine, akamwacha punda apige hatua moja, mbili, kisha akimbie kwa miguu migumu kuelekea ukutani. Kisha akamsimamisha askari wa chumvi nyuma ya Otto, kwa sababu ukurasa ulisema asimame pale.

Alirusha dadu hadharani. Ilizunguka karibu na bakuli la jibini, ikatulia. Kumi na tisa kati ya ishirini: pigo limempata.

 Arlys akachukua dadu mbili za kipigo. Mkono wake, ule uliojua chumvi ya watu mia tatu, haukujua la kufanya ila kufunguka. Nane. Saba. Ongeza sita za nguvu ya askari.

"Ishirini na moja," alisema.

Katika Ligi, anayeshuka chini ya sufuri huweza kuokolewa. Anayeshuka zaidi ya kumi, hapana. Norb aliandika hesabu kwa penseli, bila haraka, akageuza karatasi ili wote waone: kumi na mbili chini.

"Amekwenda," alisema.

Wengine walilishika lango. Gordy, macho mekundu na mdomo umefungwa kwa mara ya kwanza tangu wamjue, alimvunja askari wa mwisho akiwa na pointi mbili. Meza ya juu walisikika wakishangilia. Kasri imeanguka, msimu umefungwa. Koua alipiga kengele ndogo ya kaunta.

"Kuna kuhani wa kufufua mjini," Gordy alisema. "Sote tuna pointi za heshima, tuziweke pamoja tumlipe. Mzee, sema neno tu."

"Umfufue aende wapi?" Norb aliuliza. "Msimu umekwisha. Muache alale." Kisha akanyoosha mkono. "Hati yangu."

"Kaka..."

"Aliyekufa naye hupewa. Kanuni ya tisa. Nimeisoma kabla yako."

Ilikuwa kweli. Arlys alitoa hati, akajaza jina la safari na tarehe. Palikuwa na visanduku viwili: yu hai, amekufa. Aliweka alama kwenye cha pili, na kalamu ikatoboa karatasi. Norb aliipokea, akaiunganisha na zile mbili, akazihesabu kwa kidole kama mtu asiyeamini tatu ni tatu. Akatoa kifutio. Akaifuta tano iliyokaa miaka miwili juu ya karatasi ya Otto mpaka ikaacha shimo jepesi, akaandika sita.

"Maiti hapandi ngazi, mzee," Gordy alisema kwa sauti ndogo.

"Hati tatu ni ngazi moja. Usinidhulumu kijana, nimezifanyia kazi." Akatulia kidogo apumue. "Arobaini na nne ongeza saba za ngazi mpya?"

"Hamsini na moja," mwanafunzi mmoja alisema.

"Hamsini na moja," Norb alirudia, akaandika, taratibu, uhai wa hamsini na moja kwa mbilikimo aliyekufa. Mashine ilianza kulia. Betri ya akiba nayo ilikuwa inaisha. Koua alikuja mbio na waya wa umeme, akapiga magoti kutafuta soketi chini ya rafu. Arlys alinyanyuka amsaidie, lakini Norb akamshika mkono wa koti.

"Hukuandika punda."

Arlys alitazama hati. Palikuwa na nafasi ya hazina, ya majeraha, ya maadui. "Hakuna mahali pake."

"Pembeni basi."

Aliketi tena. Kwenye ukingo wa hati ya Otto, kwa herufi ndogo, aliandika: Punda amefunguliwa. Akatia saini. Kisha akajaza mstari wake mwenyewe kwenye fomu, namba ya uanachama, kistari. Na safari hii, huku Koua akisema bado haioni soketi, alisimamisha kalamu na kuitazama nafasi ya tarakimu muda mrefu kabla ya kuijaza, ingawa sasa haikuwa na tofauti yoyote.